Jina Alilolitaja Wifi Uwanjani

Wifi yangu Leisongi alipoletwa kijijini kwetu Fanweli, kisiwani Ambrym, kutoka kisiwa cha Tongoa, alishuka na cherehani ya mkono, godoro lililoviringishwa kwa kamba, na kikombe chake mwenyewe. Cherehani tuliifurahia. Kikombe kilitukera. Akienda msibani hukitoa mkobani, akamiminiwa chai humo humo, na akishamaliza hukisuuza, akamwaga yale maji mbali na watu, kisha akapakanyaga pale alipomwaga kama mtu anayezika kitu.

Sababu tuliijua. Visiwa vyote vinasema sisi watu wa Ambrym ni wachawi. Huko Tongoa mtoto akikataa kulala huambiwa anyamaze, mtu wa Ambrym anapita. Leisongi aliyanyonya maneno hayo pamoja na maziwa ya mama yake, na mapenzi ya kaka yangu Bongmel, aliyekutana naye mjini Vila alipokuwa kibarua wa kuchanganya zege, hayakutosha kuyatapisha. Kucha zake alizichoma. Nywele zilizobaki kwenye kitana alizichoma. Akila kiazi kikuu mbele za watu, maganda hurudi nayo kwake.

Mimi nilikuwa nimefiwa na mume na kurudi kwetu, nyumba yangu na ya kaka zikitenganishwa na ua wa mianzi tu. Wiki ile ya kwanza nilimpikia laplap ya ndizi zilizokunwa, nikaimiminia tui zito, nikaifunga kwenye majani mabichi na kuifukia kwenye mawe ya moto tangu asubuhi. Alipokea kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya. Kisha nikamchungulia kupitia ua: amemwagia kuku, naye amekaa kwenye kigoda anamtazama yule kuku.

Kesho yake nikamwuliza, "Kuku mzima, wifi?"

Hata hakutahayari. "Mzima, wifi."

"Basi na sisi tumefurahi."

Tuliishi hivyo, tukitupiana vijembe kupitia mianzi, na sitasema tulichukiana. Alinishonea gauni la Pasaka bila kunitoza kitu. Lakini watu walimwangalia kwa jicho la pembeni. Walisema: mtu anayeogopa sana kurogwa, yeye mwenyewe anajua nini? Na kwa vile kwao ni Wapresbiteri na sisi hapa ni Wakatoliki, kila Jumapili alibaki peke yake nyumbani, na hilo nalo likaongezwa kwenye hesabu yake.

Sasa lazima niseme habari ya rom, nami nitaisema kwa namna inavyosemwa kwetu. Rom hutoka porini baada ya mavuno ya viazi vikuu. Wana nyuso ndefu zilizochongoka, zimepakwa rangi, na miili yao ni majani makavu ya mgomba tangu shingoni hadi ardhini. Huja, hucheza, hurudi walikotoka. Ndani ya rom hamna mtu. Hivyo ndivyo tunavyosema wanawake wa Fanweli, na hakuna mama anayemwelezea binti yake zaidi ya hapo. Binti akiuliza, hufinywa. Ukishafinywa mara mbili tatu unakuwa umejifunza kutojua. Si kazi ndogo, kutojua. Unamwona mumeo ameanza kulala kwenye nyumba ya wanaume, hagusi chakula ulichopika, anarudi na rangi nyekundu kwenye pembe za kucha, nawe unasema tu, "Siku hizi kazi nyingi."

Leisongi hakuwa amefinywa na mtu.

Mwaka ule Bongmel alianza mambo hayo ghafla. Akaacha kula mkononi mwake. Akaacha kulala kitandani mwake. Wifi akaja uani kwangu, macho mekundu.

"Skolastika, kaka yako hali chakula changu."

Nusura nicheke, nikakumbuka kuku. "Labda tumbo."

"Tumbo gani la wiki mbili? Anadhani nitamwekea nini? Mimi ndiye wa Ambrym au yeye?"

"Wanaume wana mambo yao, wifi."

"Mambo yao yana jina," alisema. "Ni mwanamke wa wapi?"

Nikanyamaza. Ningesema nini? Kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ndiyo.

Kisha siku moja asubuhi Bongmel akafunga mkoba, akasema anakwenda mji wa Luganville, kisiwa kingine, kupakua nazi kavu bandarini, atarudi baada ya sikukuu. Akaagana naye kwa adabu zote, akashika njia ya pwani. Hivyo ndivyo wanaume wetu walivyofanya tangu zamani. Baba yetu pia "alikwenda Luganville" mara kadhaa. Ila zamani hapakuwa na simu. Siku hizi ukipanda mwamba ulio nyuma ya kanisa unapata mtandao, na wazee waliopanga safari ile hawakulifikiria hilo. Leisongi alikuwa na binamu yake aliyeolewa Luganville, nyumba yake iko hapo hapo kando ya bandari. Akampigia. Binamu akasema meli imefika, imeshusha watu, shemeji hayumo. Akampigia tena siku iliyofuata. Hayumo.

Akashuka mwambani na uso mgumu kama jiwe.

"Luganville ni mji mkubwa," nilimwambia.

"Bandari yake si kubwa."

"Pengine ameshukia kisiwa cha Malekula njiani."

"Skolastika," alisema taratibu, "wewe unaujua ukweli, na unanitazama machoni."

Nilitazama chini. Ndugu yangu, hakuna aibu mbaya kama ya kudanganya mtu kwa jambo ambalo wewe mwenyewe unatakiwa usilijue.

Udongo wa kisiwa chetu ni majivu meusi ya mlima wa moto. Mvua ikinyesha kidogo unashika alama ya kila kitu kinachopita. Bongmel alikuwa na mguu wa kulia uliopinda, kidole gumba kinatazama nje, tangu alipoangukiwa na gogo utotoni. Leisongi aliuona ule unyayo kwenye njia ya mashambani, mbichi, unaelekea juu porini. Akaufuata. Mimi nilikuwa nikirudi shambani na kikapu cha taro, nikamkuta amesimama mahali njia inapogawanyika, mbele ya jani la namele lililochomekwa ardhini. Jani hilo likichomekwa, hapo ndipo mwisho wa wanawake na watoto. Zaidi ya hapo ni pa wanaume.

"Usivuke, wifi."

"Mume wangu yuko huko."

"Mume wako yuko Luganville."

Alinigeukia. Akaonyesha ule unyayo kwa kidole. Tukautazama sote wawili. Hata kipofu angeujua kwa kupapasa.

"Huu wa nani?" akauliza.

"Sijui."

"Hujui mguu wa kaka yako?"

"Sijui, wifi. Na wewe hujui. Twende nyumbani."

Kutoka porini ilisikika sauti ya mtu anachonga mti, tok, tok, ikanyamaza. Nikajua wametusikia. Nikamshika mkono wifi yangu na kumvuta, naye akanifuata, lakini njia nzima mkono wake ulikuwa baridi. Tulipofika penye nyumba akauchomoa.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Hakuna mwanamke mwingine. Kuna kitu kibaya zaidi. Mnamfanya nini huko?"

Tangu hapo aliacha hata zile salamu za uani. Akafunga mlango mchana. Cherehani ikanyamaza.

Siku ya ngoma ilipofika tulitoka mapema, kabla jua halijapata nguvu. Wanawake tulikaa upande wetu wa uwanja, juu ya mikeka, watoto mapajani. Sikutarajia Leisongi aje, lakini akaja, amevaa gauni lake la samawati, akakaa pembeni kabisa, nami nikasogea nikakaa karibu naye. Hakunitazama. Shingo ameikaza, macho yako kwenye mdomo wa njia itokayo porini. Wengine walikuja kuona ngoma. Yeye alikuja kama mtu aliyekuja kumtambua mwizi.

Magogo ya ngoma yakaanza kulia. Yale makubwa yaliyosimamishwa, yenye sura na macho, yakipigwa unayasikia tumboni kabla ya masikioni. Wazee wakaingia katikati wakiimba, wamejibana bega kwa bega, wakikanyaga kwa pamoja mpaka majivu yakapanda magotini. Kisha rom wakatoka.

Wewe uliyeona mara nyingi unafurahia. Unasema huyu amepakwa vizuri, yule majani yake yamejaa. Lakini siku ile nilikaa ubavuni mwa mtu anayeona mara ya kwanza, na nikajikuta naona kwa macho yake. Niliona nyuso zisizopepesa. Niliona vitu virefu visivyo na mikono vinavyokuja, vinarudi, vinakuja karibu zaidi, na watu wote ninaowajua wamekaa wanatazama kwa utulivu, hakuna anayeuliza. Nikajiuliza, hivi sisi ni watu gani?

"Wako wangapi?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Rom hawahesabiwi."

Alikuwa hatazami nyuso, bali chini. Alikuwa akitazama pindo za majani, pale yanapofagia ardhi, akingoja yapepee. Nami nikaomba kimoyomoyo upepo usivume.

Jua lilikuwa limeshapanda. Rom mmoja mwenye uso wa kijani na mstari mwekundu, mrefu kuliko wenzake, akaanza kuchelewa mapigo. Wenzake wakigeuka, yeye anageuka baadaye. Akasimama. Uso ule mrefu ukainama upande mmoja, taratibu, kama mti unaosikiliza shoka. Akaanguka kifudifudi, majani yakasambaa, na kwenye vumbi jeusi likaonekana jambo ambalo kila mwanamke pale uwanjani aliliona na hakuna aliyeliona: mguu wa kulia, kidole gumba kinatazama nje.

"Bongmel!"

Leisongi alikuwa ameshasimama. "Bongmel! Bongmel wangu!" Akaruka juu ya watoto, anakimbilia katikati ya uwanja. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimdaka kiunoni, tukaanguka wote wawili kwenye mpaka wa uwanja, nami nikamlalia juu. Alinipiga viwiko, akaning'ata mkono. Sikumwachia. Ukimgusa rom siku ya ngoma hakuna anayejua mwisho wake, na waliowahi kufanya hivyo hawakubaki kusimulia vizuri.

Magogo hayakunyamaza. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Wanaume walimfunika aliyeanguka kwa miili yao, wakamnyanyua, uso wa kijani ukining'inia nyuma, wakaingia naye porini. Na wengine wakaendelea kucheza kana kwamba amepita ndege tu.

"Amekufa," Leisongi alisema mdomo ukiwa kwenye vumbi. "Mmemuua."

Mama mmoja mzee, Filomena, mjane mwenzangu, akainama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mume wako yuko Luganville."

Leisongi akamtemea mate miguuni. "Ninyi watu ninyi!"

Siku ile nzima hakuna mwanamume aliyerudi majumbani. Nilimpeleka wifi kwake, nikakaa naye mlangoni. Nataka mjue kitu ambacho yeye hakukijua: mimi pia sikujua kama kaka yangu yu hai. Ni mimi niliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Na sikuwa na mtu wa kumwuliza, maana kuuliza ni kukiri. Nikakaa nikimenya taro ambazo hakuna aliyezihitaji. Na wasiwasi ukaniingia kichwani. Kwa nini aliangushwa yeye tu? Jirani yetu Wilfrid, tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, naye alikuwa huko porini siku zote hizo. Nani alimpikia huko porini? Nilijiona nawaza kama mtu wa Tongoa.

"Wifi," nilisema, "kula kidogo."

"Kula wewe kwanza."

Nikala. Akatazama. Hakula.

Kesho yake Mzee Tainmal, mkuu wa kijiji, akatuma neno: mwanamke wa Tongoa aje mbele ya nyumba ya wanaume. Nilikwenda naye, maana mtu haendi peke yake mahali kama pale. Wazee walikuwa wamekaa kwenye magogo ya kukalia, macho mazito kwa kileo cha kava walichokunywa jana. Wilfrid alisimama pembeni, mikono kifuani. Leisongi alikaa chini mkekani, gauni lile lile la samawati, bado lina majivu.

Mzee Tainmal alikuwa mtu wa maneno machache. "Jana uliita jina uwanjani."

"Niliita, Baba."

"Jina gani?"

"Bongmel."

Minong'ono ikapita. Wilfrid akarukia, "Mmesikia! Amekiri mwenyewe. Amemtaja mtu mbele ya rom. Alipe faini ya nguruwe mwenye meno ya kupinda, na aondoke kijijini!"

"Nyamaza," mzee alisema. Kisha kwa Leisongi: "Kwa nini uliita jina hilo?"

Nilifumba macho. Nikajua sasa atasema: kwa sababu niliuona mguu wake. Na akishasema hivyo hakuna wa kumwokoa, si yeye, si kaka yangu.

Leisongi alitengeneza pindo la gauni juu ya magoti. "Baba, mimi ni mgeni. Kwetu hakuna rom. Niliona kitu kile kinaanguka, nikaogopa sana. Mwanamke akiogopa anamwita nani? Anamwita mume wake. Mume wangu yuko Luganville. Kila mtu hapa ameniambia hivyo, na wifi yangu huyu ni shahidi. Nilimwita kutoka mbali, aje anichukue."

Nilifumbua macho, nikaona mzee mmoja ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko anachokizuia.

"Uongo!" Wilfrid alisema. "Alikuwa anamkimbilia!"

"Namkimbilia nani, shemeji?" Leisongi akamgeukia kwa sauti ya upole kabisa. "Yumo nani mle ndani ya majani? Niambie wewe."

Wazee wote walimtazama Wilfrid, na nakuambia, katika dakika ile ni yeye aliyekuwa karibu zaidi na kulipa nguruwe.

"Sasa na mimi niulize, Baba," Leisongi akasema, na hapo sauti yake ikaanza kuchanika. "Yule aliyeanguka. Mke wake ameambiwa hali yake?"

"Rom hana mke," Mzee Tainmal alijibu.

"Ndiyo, Baba."

Mzee akatazama mikono yake. Kisha akasema, kama anayezungumza habari ya hali ya hewa, "Lakini rom hafi kwa jua. Hupumzika. Hunywa maji. Homa yake hushuka." Akainua kichwa. "Rudi nyumbani, mwanangu. Mume wako atarudi meli ikija."

Tulipopita kanisa tukirudi, wifi akashika ukuta, akakaa chini, akalia kwa sauti, nami nikalia naye.

Bongmel "alirudi kutoka Luganville" wiki iliyofuata. Alikuja kwa njia ya pwani kama ilivyotakiwa, mkoba begani, amekonda, na kidonda kinachokauka kwenye paji la uso. Mkononi ana mikate mitatu ya dukani ambayo mtu aliyeshuka na meli alimpa ili asirudi mikono mitupu. Nilikuwa uani, nikasikia yote.

"Habari za Luganville?" mkewe alimwuliza.

"Nzuri."

"Jua kali huko?"

"Kali."

"Na hicho kidonda?"

"Mlango wa ghala."

"Pole. Binamu yangu hukuonana naye?"

"Mji ule mkubwa sana, mama."

"Ndivyo nilivyoambiwa," alisema Leisongi. Nikasikia anamvutia kigoda. Kisha nikasikia kofi lake moja, zito, la mkono mzima, na baada ya kofi maji yakamiminwa kwenye beseni la kuoshea miguu.

Miaka imepita. Wamezaa mabinti wawili, cherehani inalia kila siku, na wanawake wa vijiji vya jirani huja kushonewa. Wilfrid hampitii mlangoni. Na kila baada ya mavuno, kaka yangu akifunga mkoba, yeye ndiye humpangia nguo za safari, na simu haipigi.

Juzi tulikuwa tukipalilia pamoja, nikaona ni wakati. Sisi si wasichana tena.

"Wifi, siku ile uwanjani. Uliuona ule mguu?"

Aliendelea kung'oa magugu. "Mguu gani?"

"Leisongi. Ni mimi tu hapa."

Akainuka, akajinyoosha mgongo, akanitazama kwa uso usio na kitu hata kidogo. "Nilimwita mume wangu. Alikuwa Luganville." Kisha akainama tena.

Nilibaki nimeshika jembe. Nilimtazama mgongo wake, nikatafuta kama anacheka. Sikuona. Labda ananifanyia mzaha. Labda bado hajanisamehe yale ya penye jani la namele. Au labda amejifundisha kutojua mpaka limekuwa kweli kwake, jambo ambalo mimi niliyezaliwa hapa sijaliweza. Nimeishi na mwanamke huyu ua kwa ua miaka yote hii, na sijui ni lipi.

"Unasimama nini?" alisema bila kugeuka. "Mstari wako umebaki nyuma."

Nikainama nikalima.